Mkono wa Tela la Boti na Pini Yake

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za tela la boti katika gazeti la shule. Sisi wa Kisawasawa tunakaa kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa iko upande wetu wa machweo, na kutoka madirishani mwa madarasa yetu mto Kilombero hauonekani. Hata hivyo mto ule ni wetu. Kambale na perege tunaokula hutoka huko. Wazazi wa baadhi ya wanafunzi hulima mpunga katika mbuga zake. Na masika yanapozidi, kama yalivyozidi mwaka 2024 katika bonde hili na katika bonde la Rufiji, boti ndiyo chombo cha pekee kiwezacho kuwafikia watu waliozingirwa na maji. Tangu mwaka 2018 tuna daraja kubwa la mita 384, nalo limetuondolea taabu ya kivuko, lakini daraja liko mahali pamoja tu, na mto ni mrefu. Boti na mitumbwi bado ina kazi.

Boti yenye injini haichukuliwi begani. Huvutwa juu ya tela nyuma ya gari mpaka ukingoni. Nimeonelea basi nieleze sehemu moja ndogo ya tela hilo, yaani mkono wake unaoweza kurefushwa, na namna ya kuufunga usichomoke. Wanafunzi wa fizikia wataona kwamba kanuni wanazojifunza ubaoni ndizo zinazofanya kazi pale mtoni, na wazazi ambao hawana boti wataona mwishoni kwamba habari hii inawahusu pia.

Jambo lililonifanya niandike

Kiangazi kimoja nilikwenda mtoni pamoja na rafiki yangu kununua samaki. Tulikuta gari limerudi nyuma karibu na maji, na nyuma yake tela kuukuu lililobeba boti. Mkono wa tela ulikuwa umevutwa nje ili boti ifike kwenye kina. Dereva aliposogea nyuma kidogo kisha akakanyaga breki, pakasikika mlio wa chuma, na tela likateremka peke yake majini, mkono wake ukabaki nyuma ya gari. Kijana mmoja alikuwa amesimama nyuma ya tela, maji yakimfika magotini. Kwa bahati alikuwa ameondoka punde tu kwenda kuchukua kasia. Angalikawia kidogo, boti na tela vingalimpitia.

Tulipotazama, tuliona kwamba badala ya pini palikuwa na msumari wa inchi 6, nao umepinda kama ndoana. Mwenye boti akamwambia mzee mmoja mvuvi aliyekuwapo, "Mzee, msumari huu tunautumia tangu mwaka jana, na haujatuletea matata hata siku moja." Mzee akamjibu, "Mwanangu, mamba naye hukaa kimya mwaka mzima." Watu wakacheka, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwaza. Kwa nini msumari ulishika mwaka mzima, kisha ukashindwa siku ile? Jibu lake si uchawi wala mkosi. Ni hesabu.

Kwa nini mkono unarefushwa

Mto Kilombero hauna ukingo mmoja. Wakati wa masika maji hutapakaa katika mbuga, na pale ulipopita kwa miguu mwezi wa Oktoba utapita kwa mtumbwi mwezi wa Aprili. Kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha fungu la mchanga au tope jeusi, na ukingo huwa na mteremko mdogo sana. Hapo gari likitaka kuishusha boti mpaka ielee, lazima magurudumu ya tela yaingie majini vya kutosha. Kama mkono wa tela ni mfupi, gari lenyewe litaingia tope, nalo likikwama hapo kulitoa ni kazi ya siku nzima.

Watu wengine hujaribu kuisukuma boti kwa mikono. Mto wetu una mamba na viboko, na mtu aliyesimama majini akiwa ameinama, macho yake yakiwa juu ya boti, haoni kinachokuja. Kwa sababu hiyo mafundi walibuni mkono unaorefushwa: gari hubaki juu ya ardhi ngumu, tela huingia majini, na watu hubaki nchi kavu. Ni mtambo wa kuokoa taabu na maisha, ila uwe umefungwa vizuri.

Jinsi ulivyo

Mkono huu ni mabomba mawili ya chuma yenye pembe nne, yale ambayo mafundi wa kuchomelea huyaita skwea paipu. Bomba kubwa limeshikamana na fremu ya tela. Bomba dogo huingia ndani ya lile kubwa kama upanga katika ala yake, na mbele ya bomba dogo kuna kikombe cha chuma kinachokaa juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Mabomba yote mawili yametobolewa matundu yanayolingana, na pini hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukitoa pini, bomba dogo huteleza. Ukiirudisha pini katika tundu jingine, mkono umekuwa mrefu.

Ona basi kwamba kitu kinacholiunganisha tela zima na gari ni pini moja isiyozidi unene wa kidole gumba. Hayo ndiyo yanayotupasa kuyachunguza.

Hesabu ya pini na msumari

Tuseme tela, boti na injini vina uzito wa kilo 600 kwa jumla. Tuseme mteremko wa ukingo ni 1 kwa 8, yaani katika kila mita 8 za njia ardhi hushuka mita 1. Tukiacha msuguano, tela lililosimama juu ya mteremko huo huvuta kuelekea chini kwa sehemu moja ya nane ya uzito wake, yaani kilo 75, ambazo ni karibu Niutoni 735. Mvuto huo si mkubwa. Ni kama uzito wa mtu mzima mmoja.

Sasa tutazame pini. Pini ya chuma cha kawaida yenye kipenyo cha milimita 16 ina eneo la karibu milimita za mraba 200. Ili ikatike, lazima ikatwe mahali pawili, kulia na kushoto, kwa hiyo eneo linaloshindana na nguvu ni milimita za mraba 400. Chuma cha kawaida huweza kuhimili karibu Niutoni 240 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatwa. Zidisha, utapata Niutoni 96,000. Hiyo ni zaidi ya mara mia ya ule mvuto wa mteremko.

Na msumari wa inchi 6 je? Kipenyo chake ni karibu milimita 6, na eneo lake karibu milimita za mraba 28. Mahali pawili ni 56. Zidisha kwa 240, utapata kama Niutoni 13,500. Huo nao unauzidi ule mvuto wa 735 kwa mbali! Hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Mwenye boti hakusema uongo. Siku za utulivu msumari unatosha kabisa, na kila siku unapotosha mtu huzidi kuuamini.

Lakini tela halikai kimya siku zote. Tuseme linateremka pole pole, mwendo wa mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, kisha dereva anakanyaga breki. Gari linasimama, tela linaendelea mpaka mkono uikute pini. Tela la kilo 600 likienda mwendo huo lina nishati ya Juli 300. Ikiwa mwendo wote unamalizwa ndani ya sentimita 1, nguvu inayoipiga pini ni 300 gawanya kwa 0.01, yaani Niutoni 30,000, sawa na tani tatu. Msumari wa 13,500 hauwezi. Utapinda, kisha utachomoka au utakatika. Pini halisi ya 96,000 inaweza, tena kwa ziada.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: msumari haukuchoka siku ile. Siku ile ndiyo siku ya kwanza kuulizwa swali gumu. Kifungo hakipimwi kwa siku za kawaida bali kwa siku ya mshituko.

Nondo, waya na tundu lililopanuka

Mtu atasema, "Basi nitatumia kipande cha nondo ya milimita 12 badala ya msumari." Ni afadhali kuliko msumari, lakini bado kuna makosa mawili. Kwanza, tundu lilitobolewa kwa pini ya 16, na nondo ya 12 hucheza ndani yake. Kila gari linaposimama au kuondoka, mkono hurudi na kwenda kwa milimita kadhaa, na kila mara huipiga nondo kama nyundo. Mapigo hayo hulifanya tundu liwe refu kama yai. Tundu likirefuka, mchezo unaongezeka. Mchezo ukiongezeka, mapigo yanazidi. Ni ugonjwa unaojilisha wenyewe.

Pili, nondo haina kichwa wala kizuizi. Barabara yenye mashimo huitikisa mpaka itoke yenyewe. Nimesema kwamba pini nzima ya 16 ni vigumu kukatika. Tela zenye pini nzuri hupotea kwa sababu pini imetoka tundu na hakuna aliyeiona ikitoka. Pini njema basi ina kichwa upande mmoja, na upande wa pili ina kitundu cha kupitishia kipini cha waya mgumu, kile chenye umbo kama herufi R. Kipini hicho kifungwe kwa uzi au mnyororo mdogo kwenye tela, maana kikianguka katika majani ya mbuga hutakiona tena, na hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta misumari.

Kama tundu limekwisha kurefuka, usijaribu kulijaza kwa vipande vya bati. Mpelekee fundi. Ama atoboe tundu jipya mbali na lile la zamani, ama achomelee bamba nene pande zote mbili za bomba na kutoboa upya kwa kipimo cha pini. Ikiwa bomba limepakwa zinki, yaani lile linalong'aa kama bati la nyumba, fundi aiondoe zinki kwanza kwa tupa au jiwe la kusagia mahali pa kuchomelea, tena afanye kazi penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa.

Tena tundu litobolewe ubavuni mwa bomba, katikati ya kimo chake, wala si juu na chini. Mkono ukibeba uzito hupinda kidogo kama ubao wa daraja la mtaro: upande mmoja huvutika na upande wa pili hubanwa, na katikati mkazo ni mdogo. Tundu la juu au la chini hupunguza chuma palepale kinapohitajika zaidi.

Wenzo na sehemu iliyobaki ndani

Wanafunzi wa kidato cha pili wanajua kanuni ya wenzo, ambayo Archimedes wa Syracuse aliieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tuitumie hapa. Tuseme uzito wa kilo 600 uko sentimita 30 mbele ya ekseli, na kikombe kiko mita 3 mbele ya ekseli. Uzito unaolalia tufe la gari ni 600 mara 0.3 gawanya kwa 3, yaani kilo 60. Ukiurefusha mkono uwe mita 5, uzito huo huwa kilo 36 tu. Mtu asiyefikiri atafurahi na kusema mkono mrefu umepunguza kazi.

Lakini kazi imehamia mahali pengine. Zile kilo 36 sasa ziko mita 2 mbele ya mdomo wa bomba kubwa, na hulipinda bomba dogo pale mdomoni. Zidisha 36 kwa 2, utapata 72. Nguvu hiyo ya kupinda lazima ishikwe na sehemu ya bomba dogo iliyobaki ndani. Ikiwa zimebaki sentimita 60 ndani, kuta za bomba zitasukumwa kwa nguvu ya 72 gawanya kwa 0.6, yaani kilo 120. Ikiwa zimebaki sentimita 15 tu, itakuwa 72 gawanya kwa 0.15, yaani kilo 480! Boti ni ileile na mkono ni uleule, lakini mdomo wa bomba unabeba mzigo mara nne, na mashimo ya njia bado hayajahesabiwa.

Tupate basi sheria mbili. Ya kwanza: usivute mkono hadi mwisho wa mwisho ili upate urefu zaidi, acha sehemu ya kutosha ndani, isiwe chini ya sentimita 60 kwa tela kama hili, na upige mstari wa rangi nyekundu juu ya bomba dogo kuonyesha mpaka. Ya pili: mkono uliorefushwa ni wa kushushia na kupandishia boti tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usiende nao barabarani hata kilomita moja.

Kulikagua tela kuukuu

Tela jipya mtu huweza kuliamini kidogo. Tela kuukuu hapana budi lichunguzwe, maana kutu hula kutoka ndani. Maji ya mto wetu hayana chumvi ya bahari, lakini tope huingia katika bomba, hukaa humo likiwa na unyevu miezi mingi, na nje rangi ikabaki nzuri. Bomba la milimita 60 lenye unene wa milimita 4 likiliwa mpaka ukabaki unene wa milimita 2, uwezo wake wa kushindana na kupinda hupungua kufikia karibu nusu.

Kila mwaka, kabla ya masika, fanya hivi. Vuta bomba dogo nje kabisa. Lisugue kwa brashi ya waya, nje, na ndani kadiri mkono unavyofika. Ligonge kwa nyundo ndogo kutoka mwisho hadi mwisho na usikilize: chuma kizima hulia kama kengele, chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito kama debe lenye unga. Tazama matundu kama yangali ya duara. Tazama pale bomba kubwa lilipochomelewa kwenye fremu, kama pana ufa mwembamba wenye mstari wa kutu. Ukiuona ufa huo usiupake rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni boti na injini. Mwishowe lipake bomba grisi kabla ya kulirudisha, na toboa kitundu kidogo upande wa chini, nyuma kabisa ya bomba kubwa, ili maji yatoke.

Mafiga matatu

Chungu hakikai juu ya figa moja, wala mkono wa tela usitegemee pini peke yake. Figa la kwanza ni pini ya kipimo sawasawa, yenye kichwa na kipini chake.

Figa la pili ni kizuizi. Katika mwisho wa nyuma wa bomba dogo huchomelewa kipande cha chuma, na katika mdomo wa bomba kubwa hufungwa bamba kwa bolti mbili, hata mkono ukiteleza kizuizi kinagonga bamba na mkono hauwezi kutoka wote. Bamba lifungwe kwa bolti, lisichomelewe, ili bomba liweze kutolewa siku ya kukaguliwa.

Figa la tatu ni mnyororo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Matela mengi yana mnyororo wa usalama unaotoka kwenye gari na kufungwa kwenye mkono. Lakini umefungwa kwenye bomba gani? Ukiwa umefungwa kwenye bomba dogo peke yake, unakinga jambo moja tu, yaani kikombe kikiruka kutoka juu ya tufe. Bomba dogo likichomoka kutoka bomba kubwa, mnyororo utabaki umelishika bomba dogo kwa uaminifu sana, na tela litakwenda zake. Ndivyo ilivyokuwa siku ile mtoni: mnyororo ulikuwapo, tena mnene, lakini ulishika kitu kisichofaa.

Dawa yake ni mnyororo wa pili, unaotoka kwenye bomba dogo, karibu na kikombe, hadi kwenye fremu ya tela yenyewe. Urefu wake uzidi kidogo tu urefu wa mkono uliovutwa. Wakati wa safari, mkono ukiwa umefungwa ndani, mnyororo huo hukunjwa na kutundikwa kwenye kulabu usiburute. Uwe wa pingili zilizochomelewa, nene kama penseli, wala usiwe wa kufungia mbwa.

Siku ya kushusha boti

Mambo haya yafanywe kwa taratibu, na mtu mmoja tu atoe amri.

Kwanza, simama penye ardhi ngumu, pasipo mteremko. Tela lililosafiri mwendo mrefu liachwe lipumzike mpaka beringi za magurudumu zipoe, maana beringi ya moto ikitumbukizwa katika maji baridi huyavuta maji ndani na grisi huharibika.

Pili, weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya tela. Hakikisha mnyororo wa fremu umefungwa.

Tatu, toa pini. Dereva asogeze gari mbele pole pole, na mkono uteleze mpaka ufike kwenye alama nyekundu. Mtu asiweke kidole tunduni kupima kama matundu yamelingana. Chungulia kwa jicho au tumia kijiti. Vidole vingi vimepotea katika matundu ya namna hii.

Nne, tia pini, tia kipini chake, kisha uiguse kwa mkono wako mwenyewe. Usiridhike na mtu anayekuambia kwa mbali, "Tayari."

Tano, kabla ya kuondoa kabari, dereva avute kidogo mbele na kusukuma kidogo nyuma. Kama kuna kosa, heri lionekane hapo kwenye nchi kavu kuliko majini.

Sita, ondoa kabari na rudi nyuma kwa mwendo wa kutambaa. Mtu yeyote asisimame nyuma ya tela, wala kati ya tela na gari, na watoto wakae mbali. Kamba ya boti ishikwe kutoka ubavuni.

Wakati wa kupandisha, fanya kinyume chake, na usisahau kuurudisha mkono ndani kabla ya kushika njia.

Kwa wasio na boti

Nilisema kwamba habari hii inawahusu hata wasio na boti. Wakati wa mavuno ya mpunga barabara zetu hujaa pawatila na trekta zinazovuta matela yenye magunia, na juu ya magunia hukaa watu, tena mara nyingi watoto. Mkono wa tela la pawatila haurefuki, lakini nao umeunganishwa kwa pini moja. Gunia la mpunga ni zito, na magunia kumi juu ya tela yanazidi ile boti tuliyoihesabu. Siku hizi ukitembea Kisawasawa, Kiberege au Mang'ula na kuinama kutazama, utaona pini nyingine ni bolti isiyo na nati, nyingine ni kipande cha nondo, na nyingine ni bisibisi kuukuu. Kila mwenyewe atakuambia kwamba hakijaleta matata.

Nawaomba wanafunzi wafanye zoezi moja bila kuambiwa na mwalimu. Ukifika nyumbani likizo hii, muombe baba, mjomba au jirani ruhusa ya kutazama pini ya tela lake. Pima kipenyo cha pini kwa rula, na kipenyo cha tundu. Tazama kama ina kichwa na kama ina kipini. Kisha mfanyie hesabu tuliyoifanya hapa, kwa uzito wa magunia yake, na umwonyeshe kwa adabu. Mzazi hapendi kuhubiriwa na mtoto, lakini huisikia hesabu inayohusu mali yake.

Na nyinyi wazazi, mtoto akija na rula mkononi na kuomba kutazama chini ya tela, msimfukuze. Pini nzuri na kipini chake fundi huzitengeneza kwa fedha ndogo sana kuliko bei ya gunia moja la mpunga. Mwenye boti yule alilipata tela lake jioni ile, likiwa limelala ubavu katika tope, na injini imeingia maji. Alisema hasara ilikuwa kubwa. Mzee mvuvi akamwonyesha yule kijana, ambaye alikuwa amekaa kimya ukingoni, bado ameshika kasia, akasema, "Hasara yako ni ndogo, mwanangu. Mhesabu yule kwanza."